Waliotia moto ili wapelekwe

Jumapili, usiku.

Kuna wanawake wa Ireland ambao wiki hii hawanitoki kichwani. Njaa kuu ya viazi iliyoanza mwaka 1845 ilipowabana, baadhi yao walitia moto kibanda au lundo la majani makavu la mwenye shamba, na mahakamani hawakuhangaika kukana. Walikuwa wanaitaka hukumu yenyewe: miaka 7 au zaidi, wapelekwe Van Diemen's Land, kisiwa ambacho Uingereza ilikuwa ikipeleka wafungwa wake, leo ni Tasmania huko Australia. Mwenye njaa hana miiko, tunasema, ila mimi hapa naona hesabu. Ukiiba kidogo unafungwa kidogo, kisha unarudi kwenye shamba lilelile lililooza. Moto unakutoa nchini kabisa.

Nisiwapambe wote kwa hilo. Wengi walikuwa wameiba tu: nguo, kondoo, ng'ombe.

Huko Dublin waliwekwa Grangegorman, gereza la wanawake lililoanza kuwapokea 1836, wakafundishwa kushona na kufua ili wakifika wafae kuwa watumishi. Baada ya hapo ni miezi mitatu au minne baharini. Si wote waliosafirishwa hivyo walifika. Miaka kumi kabla ya njaa hiyo, meli ya Neva iliondoka bandari ya Cork, Ireland, Januari 1835 ikiwa na wafungwa wanawake wapatao 150 na watoto wao, ikagonga mwamba karibu na King Island, kisiwa kilicho kati ya Tasmania na bara la Australia, mwezi Mei. Wakapona watu 15, mabaharia wakiwemo.

Kinachoniudhi zaidi ni habari ya watoto. Mama aliruhusiwa kusafiri na wanawe wadogo, na nadhani wengi walilipokea hilo kama rehema. Wakishuka Hobart, mji mkuu wa kisiwa, mama anapelekwa kazini kwenye nyumba ya bwana fulani, mtoto anapelekwa shule ya yatima huko New Town. Yatima, na mama yake yuko hai mji huohuo! Na akipata mimba akiwa mtumishi, hilo linahesabiwa kosa: anarudishwa Cascades, kiwanda-gereza chini ya Mlima Wellington, ajifungue huko, anyonyeshe, halafu mtoto akishaachishwa ziwa ndipo adhabu yake ianze, kufua manguo ya watu. Vichanga walikufa wengi mle ndani. Baba ya mtoto, hata kama ni bwana mwenyewe, haulizwi kitu.

Karani aliyewaandikisha wafungwa lakini alikuwa mwangalifu ajabu. Kimo, rangi ya macho, kovu la kidevuni, majina ya ndugu walioachwa nyumbani, yote yameandikwa.

Kisiwa kiliacha kupokea wafungwa 1853, walowezi huru walipowachoka. Waliokuwa wameshafika wakabaki kumalizia miaka yao. Mama aliyepewa kibali cha kujitafutia kazi aliweza kuomba arudishiwe mwanawe, mradi awathibitishie wakubwa kwamba ana pa kumlaza na cha kumlisha.