Kijitabu cha Bibi, mwalimu mstaafu: kazi ilipofikia

Picha zote zimeskaniwa, makaratasi ya ajira yamepangwa kwa miaka, na kanda mbili kati ya tatu zimeshaingia kwenye kompyuta. Kijitabu kitakuwa cha ukubwa wa A5, kurasa 32, cha kugawiwa ndugu na wanafunzi wake wa zamani siku ya kumbukumbu ya mwaka.

Picha

Zilizosumbua ni zile za kwenye fremu. Kwa unyevu wa Dar uso wa picha hulainika ukagandana na kioo, na ukiivuta sura inabaki kwenye kioo. Hizo zimelazwa kwenye skana pamoja na kioo chake, kimefutwa upande wa nje tu. Zilizonasa kwenye albamu za gundi zimetolewa kwa uzi wa kusafishia meno, unaopitishwa taratibu nyuma ya picha kutoka kona moja hadi nyingine.

Picha za sentimita 10 kwa 15 zimeskaniwa kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, za pasipoti kwa dpi 1200. Nakala ya kutunza ni TIFF, faili lisilopoteza ubora, karibu MB 25 kila moja; JPEG inatolewa baadaye kutoka kwenye hiyo. Ndugu walio mbali wanaombwa watume WhatsApp kama hati, si kama picha, maana ikitumwa kama picha inabanwa na haifai tena kuchapwa.

Vyeti viwili vya ualimu vilipigwa lamineti zamani na sasa vimejikunja. Haviguswi. Plastiki ile ilishikishwa kwa moto, na kuibandua ni kukichana cheti chenyewe. Vimepigwa picha kivulini karibu na dirisha, bila flashi.

Tarehe

Hapa ndipo kazi ilipo. Nyuma ya picha nyingi hakuna maandishi, na wazee wawili waliokuwepo siku hiyohiyo wanaweza kupishana miaka kumi. Kwa hiyo tunaanza na kilichomo ndani ya picha. Basi la UDA, shirika la mabasi ya Dar, likionekana, picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1974. Beji ya TANU kifuani inaelekea kuwa ya kabla ya Februari 1977, CCM ilipozaliwa. Bahasha yenye stempu ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania haielekei kuwa ya baada ya 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika. Sanamu ya Askari, ambayo iko nyuma ya picha nyingi za mjini, haisaidii chochote. Imesimama pale tangu 1927.

Lakini shahidi mkubwa ni maandalio ya somo. Mwalimu aliyesomea kazi haingii darasani bila andalio, na kichwa cha andalio kina darasa, somo, siku, tarehe, kipindi, na idadi ya wanafunzi waliosajiliwa na waliohudhuria. Mwaka mara nyingi haukuandikwa. Siku na tarehe zikiwa pamoja, mwaka unapatikana. Andalio moja la darasa la sita linasema Jumatatu, 14 Machi. Kati ya 1965 na 1990 tarehe hiyo iliangukia Jumatatu mara nne tu: 1966, 1977, 1983 na 1988. Somo ni Siasa, lililoingia madarasani baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea za 1967, kwa hiyo 1966 inatoka. Barua ya uhamisho inaonyesha kuwa shule alikoandikia andalio hilo Bibi aliiacha 1979, kwa hiyo 1983 na 1988 nazo zinatoka. Inabaki 1977.

Na mwaka huo huenda unaeleza kwa kiasi idadi iliyoandikwa pale juu, watoto 74 katika chumba kimoja. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani ifikapo 1977, yaani UPE, elimu ya msingi kwa wote. Karatasi hiyo moja inaeleza maisha yake ya kazi kuliko ukurasa mzima wa sifa, na ndiyo itakayofungua kijitabu, kabla hata ya mahali alipozaliwa.

Picha za jioni za akina mama waliobanana kwenye madawati ya watoto tumezitenga kwenye folda ya 1970–1975. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, kampeni ya Mtu ni Afya ikafuata 1973, na mtihani wa kitaifa wa kisomo ulifanyika Agosti 1975. Kitabu cha mahudhurio kikipatikana zitasogezwa.

Kuhusu mwaka wa kuzaliwa: faili la ajira linasema kimoja, ndugu wanasema kingine. Faili ndilo lililoamua alistaafu lini, kwa hiyo linatumika, na neno "takriban" mbele yake.

Kanda

Kabla ya kucheza kaseti iliyolala miaka mingi, ipeleke mbele hadi mwisho kisha uirudishe mwanzo. Utepe ulioshikana hujiachia taratibu badala ya kukatika katikati ya maneno. Vunja vijino viwili vya juu usije ukafuta. Kichwa cha redio, kile kinachosoma utepe, kinasafishwa kwa pamba na spiriti, kisha kiachwe kikauke. Sauti ikiwa nzito na ya kuvutwa, kwa kawaida ni mpira wa ndani umelegea au betri zimechoka, tumia umeme. Tunarekodi WAV, faili la sauti lisilobanwa, ya kHz 44.1, biti 16, mono, karibu MB 317 kwa saa, kilele kisizidi dB −6.

Wanafunzi wake wa zamani hawaulizwi "Mwalimu alikuwaje?", maana jibu ni "alikuwa mzuri, mkali kidogo", basi. Wanaulizwa walikaa dawati la ngapi, kengele ilikuwa kipande cha nini, nani alikuwa anafuta ubao.

Uchapaji

Kurasa 32 ni karatasi 8 za A4, pande mbili, zikunjwe na kupigwa stepla katikati. Ndani gramu 100, jalada gramu 250. Zikikunjwa pamoja, karatasi za katikati hutokeza nje na kukatwa zaidi, kwa hiyo maandishi yanakaa angalau milimita 15 kutoka ukingo wa nje. Picha zilizogeuka nyekundu kwa uzee zinachapwa nyeusi na nyeupe. Kuzirudishia rangi kwenye kompyuta kunampa Bibi ngozi isiyo yake.

Bado upande B wa kanda ya tatu. Kisponji cha kanda hiyo, kinachobana utepe kwenye kichwa, kimedondoka. Ganda la kaseti linalofunguka kwa skrubu limeshapatikana Kariakoo, utepe utahamishiwa humo.