Mikindani, hatua ishirini na mali ya Mjerumani

Nilikuwa naenda Mtwara kwenye harusi ya binamu. Nauli niliyolipa ni elfu arobaini kasoro kidogo, nikaambiwa hilo basi ni laksheri. Siti haikulala hata kidogo, sehemu ya kuchajia simu imekufa, na tivii ipo juu ya kichwa changu inapiga filamu za kibongo za kulia lia toka Mbagala mpaka tunavuka daraja la Mkapa. Na mi ndo safari niliyokuwa nimepanga kufanya meditesheni njia nzima!

Nieleze kidogo. Nina muda sasa naenda pale Upanga kwenye hekalu la Wabudha, lile la watu wa Sri Lanka. Sijabadili dini, mama akisoma hapa atulie. Naenda kujifunza kukaa na akili yangu maana Dar imenichosha. Mtawa mmoja aliniambia katika mafundisho ya Budha ya umakini hujaambiwa ukae tu umefumba macho, umeambiwa ujue unachofanya ukiwa unatembea, umesimama, umekaa, umelala, unakula, unavaa nguo, hadi unapoenda haja. Hiyo ya haja niliipenda. Basi tumefika mbele ya Somanga konda katangaza kuchimba dawa, dakika tano, nikaingia kichakani na umakini wangu wote, ile nimeanza tu dereva kashaanza kupiga honi na gari linatembea. Budha hakuwahi kupanda basi la kusini.

Harusi ya binamu ilipita salama, tulikula, tulicheza, sauti ikakauka. Baada ya hapo nikachukua bajaji kwenda Mikindani, mji wa zamani jirani na Mtwara, kupumzika, jamaa akanitajia bei nikadhani ananiuzia hiyo bajaji, tukavutana mpaka akashuka nusu. Gesti 30,000, neti ina matundu, maji ya ndoo, na chai wanakuandikia pembeni, chai yenyewe maandazi mawili.

Sasa asubuhi yake ndo nikatoka kufanya zoezi la kutembea. Kuna namna aliyoieneza sana Mahasi Sayadaw, mtawa wa Burma aliyefariki 1982. Unachagua kipande kifupi cha njia, changu kilikuwa hatua kama ishirini, unatembea taratibu mno, macho chini, moyoni unajisemea inua, peleka, kanyaga. Ukifika mwisho unasimama, unageuka, unarudi ulikotoka. Sauti ikikuvuta unajisemea kusikia, kusikia, halafu unarudi kwenye mguu. Basi, hakuna siri nyingine. Dar huwa naifanyia koridoni usiku wapangaji wenzangu wakishalala.

Mi nikachagua njia ya chini ya Boma, lile jengo la Wajerumani la mwaka 1895, pana kivuli na bahari unaiona. Nimeenda nimerudi, nimeenda nimerudi, wakatokea watoto. Shikamoo. Marahaba. Umedondosha nini? Nikawaambia sijadondosha kitu, hawakuamini, wakaanza kunitafutia, mmoja anafukua mchanga kwa kijiti. Mama mmoja anapita na beseni la pweza akauliza kwa mbali, "Simu au hela, baba?" Akatua beseni na yeye akainama.

Walipochoka wakaondoka, akabaki kijana mmoja aliyekuwa amekaa pembeni ananiangalia tu. Akaja akaanza kutembea ubavuni kwangu, taratibu vilevile, macho chini. Nikageuka, naye akageuka. Kusikia, kusikia.

"Kaka," akaninong'oneza, "kipimo unacho?"

"Kipimo gani?"

"Usinifiche mkubwa. Unapita palepale, unahesabu hatua, midomo inacheza. Hii ni ya Mjerumani. Wenzako walishakuja na mashine hapa wakaondoka mikono mitupu, hawakuongea na wenyeji."

Nyie mnajua hii habari. Kila penye jengo la Mjerumani nchi hii lazima awepo mtu wa kukwambia walipokimbia Vita ya Kwanza walifukia dhahabu na rupia na wakaacha alama kwenye mawe. Nikamwambia mi natembea tu. Akacheka. "Kutembea tu, nauli yote hiyo toka Dar?" Hapo alinigusa, maana nauli ilikuwa bado inaniuma.

Akanipa mchanganuo kabisa. Sitini kwangu, arobaini kwake, kuna mzee wa kumtoa jini anayelinda, mzee tunamlipa juu kwa juu, kinachohitajika ni mbuzi mweusi na 150,000 ya kuanzia. Nikaona bora nimweleze ukweli wote, kwamba haya ni mafunzo yaliyotoka kwa Budha.

"Naye Mjerumani?"

"Hapana, wa zamani sana, huko India na Nepal. Alikuwa mtoto wa mkubwa, jumba, mali, kila kitu. Akaacha vyote akaondoka."

Akasimama. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile kijana alikuwa makini kuliko mimi.

"Aliviacha wapi?"

Zoezi likaishia hapo, nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka ingawa sidhani tulikuwa tunacheka kitu kimoja.

Siku zilizobaki nikabadili mbinu. Kwa Thich Nhat Hanh, yule mtawa wa Vietnam aliyeanzisha Plum Village kule Ufaransa, kengele ikilia kila mtu anasimama na kuvuta pumzi kwanza, hata simu ikilia ni hivohivo. Mi sina kengele, nina watoto wa Mikindani, nikasema kila shikamoo ndo kengele yangu, navuta pumzi ndo naitikia marahaba. Watoto wakagundua nachelewa kuitikia, wakawa wanakuja kwa makundi kunijaribu!

Naona wanaofundisha mambo haya wanadhani mtu ataachwa peke yake. Huku kwetu ukitulia sana wewe mgonjwa, una deni au unawanga. Dar hawaniulizi, na ndo sababu napaweza pale koridoni, ila nilivorudi nimefanya zoezi wiki nzima na mpangaji wa chumba cha mbele kanipita kila usiku anaenda bafuni, hajasema hata mambo. Ningedondosha simu kweli angeipitia kimya au angeiokota kimya, sijui.

Kijana namba yangu anayo. Juzi kanitumia meseji saa tano usiku: "Kaka mzee kapunguza, amesema mbuzi hata wa kahawia anafaa. Na yule mtoto wa mfalme umepata ramani?"