Nyumba ya magurudumu: hesabu ya pua imekubali

Asilimia 10.3: hiyo ndiyo sehemu ya uzito wa nyumba yangu ya kuvutwa na gari inayokalia ndoano ya gari. Tangu nianze kupanga nyumba hii hakuna namba iliyonisumbua kama hiyo, na leo imetulia ndani ya mipaka, tangi la maji likiwa limejaa au tupu. Nimefurahi mno, acha niieleze yote.

Treila inayobeba nyumba ni hii: sakafu ya mita 6, ekseli mbili, kikomo kilo 3,500 pamoja na treila yenyewe. Kutoka kiungio cha mbele hadi katikati ya ekseli ni mita 4.9. Jumla kwenye jedwali, maji yakiwa yamejaa, ni kilo 3,260. Jumla haijawahi kunitisha. Shida yote ilikuwa pua, yaani ule uzito unaokalia ndoano ya gari. Kanuni inayotumika sana Marekani ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ukipungua sana, mkia unaanza kuyumba barabarani, na kuyumba huko hukua kwenyewe mpaka gari nalo linavutwa huku na huku. Ukizidi, unapita kikomo cha ndoano, ambacho kwangu ni kilo 350. Kwa hiyo nililazimika kuipata pua kati ya 326 na 350. Kilo 24 tu za kuchezea!

Mpango wa awali uliweka bafu, tangi la lita 200 na betri vyote nyuma. Bajeti iliupenda mpango huo: mabomba mafupi, nyaya fupi, fundi anamaliza upesi. Lakini tangi likiwa tupu pua ilisoma kilo 290, sawa na asilimia 9.5. Likijaa ikashuka hadi 208, asilimia 6.4. Yaani unaongeza kilo 200 za mzigo na pua inapungua kilo 82, kwa sababu maji yako mita 2 nyuma ya ekseli: 200 mara 2, gawa kwa 4.9.

Nikahamisha jiko. Nikahamisha kabati. Nikageuza kitanda. Kila mpangilio ulioponya hali moja uliharibu nyingine, na hapo ndipo palipokuwa na ukaidi wenyewe. Tuseme unarundika vitu mbele mpaka pua ifike 326 tangi likiwa limejaa. Umeongeza kilo 118. Sasa tumia maji yote: pua inapanda hadi 408, umevunja kikomo cha ndoano. Uzito unaobadilika hauponywi na uzito usiobadilika. Najua wengi husafiri na tangi tupu wakamaliza mjadala, ila mimi nataka kufika mahali pasipo na bomba na nioge jioni hiyohiyo, na sikuwa tayari kuliacha hilo.

Basi nikaliacha bafu lilipo na kuling'oa tangi peke yake. Limekwenda chini ya sakafu, katikati ya magurudumu, juu ya ekseli kabisa. Hapo umbali ni sifuri, na chochote mara sifuri ni sifuri: lijae, liishe, pua inabaki 290. Kisha sanduku la betri na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), kilo 50, nikalitoa nyuma na kulipeleka mita 2.5 mbele ya ekseli. Hilo liliongeza kilo 46. Pua ikawa 336. Tangi likijaa ni asilimia 10.3, likiisha ni 11.0, na ndoano bado ina kilo 14 za akiba.

Sikutaka kuamini jedwali bila ushahidi. Nilipanga madumu ya maji, lita 100, kwenye treila tupu, mita 2 nyuma ya ekseli, nikapima pua kabla na baada. Mizani ya bafuni haihimili pua nzima, kwa hiyo nilitumia ubao: ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, pua ikakaa theluthi ya kwanza kutoka kwenye tofali. Mizani inabeba theluthi, unazidisha kwa 3. Ilishuka kilo 13 na ushei. Hesabu ilitaka kilo 41 kwa jumla. Nilipiga makofi peke yangu.

Kuhusu zana: programu za kuchora za pande tatu ni nzuri kwa kuona kama mlango utagonga kabati, lakini kwa hatua hii zinapoteza muda. Jedwali la kawaida linashinda. Kila kitu mstari mmoja, safu ya bei, safu ya kilo, safu ya umbali kutoka ekseli, nyuma ikiwa hasi. Hiyo safu ya tatu ndiyo iliyonipa jibu. Nimeongeza pia safu ya bei ya kila kilo iliyookolewa: chukua ziada ya gharama, gawa kwa kilo zilizopungua. Hapo unaona wazi pesa iende wapi. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo dirisha la vioo viwili vya milimita 4 ni kilo 20 kwa mita ya mraba kabla ya fremu. Plaiwudi ya milimita 18 ina takriban kilo 30 kwa ubao mzima wa kawaida, ya milimita 6 kama 10. Kuta za ndani zinakuwa za 6, bila mjadala.

Gharama ya suluhisho ipo. Tangi bapa la chini ya sakafu, lenye kuta za ndani za kuzuia maji yasisukasuke, ni ghali kuliko lile la mraba, na mabomba yamerefuka.

Leo nilikusudia kufunga orodha ya madirisha. Sijaigusa, maana nimekumbwa na wazo jingine: maji yakitumika hayapotei, yanaingia tangi la maji machafu, na hilo bado nimelichora mkiani. Kama nikipika na kuoga kisha nikaondoka bila kulimwaga, kilo zilezile zinarudi nyuma na pua inashuka tena chini ya asilimia 10. Kwa hiyo nalo linahamia kwenye ekseli, ubavuni mwa tangi safi. Hapo uzito utahama kutoka kushoto kwenda kulia badala ya mbele na nyuma. Kila tangi likiwa sentimita 40 kutoka katikati na tairi zikiwa zimeachana mita 2, kilo 200 zikiwa upande mmoja zinaongeza kilo 40 upande huo na kupunguza 40 wa pili. Zikihama zote, upande mmoja utakuwa umepoteza 80. Tairi zinaweza, ila sijapendezwa. Sasa najaribu kuchora tangi safi lililogawanywa pande mbili, na la maji machafu katikati.