Uzi Mtupu

Umeme ulikatika Unguja nzima siku ya Alhamisi, tarehe 10 Disemba 2009. Jioni yake tulikuwa na mazoezi ya taarabu. Nilifika na mkoba wa nyaya begani kama kawaida yangu, nikawakuta wenzangu wamekaa gizani, kila mtu na chombo chake mapajani, wananicheka hata salamu sijatoa. Wao walikuwa na vyombo vya nyuzi, yaani fidla, udi na kanuni, na filimbi ya nai, na ngoma za dumbak na rika. Chombo changu mimi kilikuwa kinanda cha umeme.

"Maalim, leo wewe mgeni wetu," alisema mpiga dumbak. "Kaa hapo tukutumbuize."

Hatukudhani kama mambo yatakuwa makubwa. Mwaka wa nyuma yake, 2008, tulikaa gizani karibu mwezi mzima, toka Mei mpaka Juni, tukaona hilo ndilo giza lililokuwa limeandikwa na sasa limepita. Waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara unaibukia Fumba, na Fumba ndiko alikozaliwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mwaka 1880. Basi pale barazani watu wakawa na stihizai zao: Bibi Siti kachoka na taarabu za spika, kaukata waya kwa mkono wake. Tulicheka wiki ya kwanza. Wiki ya nne hakucheka mtu. Umeme ulirudi Machi.

Kikundi chetu kilikuwa cha mtaa tu. Tulikuwa watu 14: mafundi cherehani wawili, muuguzi, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, wanafunzi, wazee waliostaafu, na mimi niliyekuwa nikisomesha hesabu skuli asubuhi. Hapakuwa na mshahara. Msimu wetu ulianza baada ya Idd kubwa, wakati wa harusi, ukaendelea hadi mfunguo tano, kabla ya mwezi wa Maulidi. Harusi zilitupa pesa za nyuzi. Usiku wetu wenyewe, mmoja kwa mwaka, ndio uliotupa heshima.

Harusi ya kwanza baada ya umeme kukatika tulipiga kwa jenereta. Sina hamu ya kuieleza sana. Jenereta lilikuwa uani, sisi ukumbini, na baina yetu dirisha lisilofungika. Nikaongeza sauti ya spika ili tulishinde jenereta. Mwimbaji akapiga kelele ili azishinde spika. Bibi harusi akaziba masikio kwa mikono iliyokuwa na hina ya jana. Saa tano petroli ikaisha. Waliobaki mle ndani walishusha pumzi wote kwa pamoja, nami nikaisikia ile pumzi, nikajua kwamba haikuwa ya masikitiko.

Tamasha la Sauti za Busara, ambalo tangu 2004 limekuwa likijaza watu Ngome Kongwe mwezi wa Februari, mwaka ule lilifanyika kwa majenereta, nasi tulilipongeza. Sisi pesa za petroli hatukuwa nazo. Nikawaambia wenzangu usiku wetu tutaupiga bila spika, ndani ya behewa, yaani ukumbi wa ndani, la nyumba moja ya Mji Mkongwe ambayo mwenyewe alikuwa shabiki wetu. Kuta za mawe na chokaa, dari juu sana, ghorofa mbili zenye roshani za mbao zinazotazama chini. Tarehe nikaichagua kwa mwezi: Jumamosi 30 Januari, mwezi mpevu. Watu wangeona njia ya kurudi nyumbani bila tochi.

Kikabaki kinanda changu. Akodiani ya kikundi ilikuwa imeoza kwa unyevu, mikunjo yake imetoboka, ukiivuta inakohoa. Udi siujui kwa kiwango cha kukaa mbele za watu. Kwa hiyo nikasimama. Nimewahi kuona kwenye televisheni okestra za Ulaya, mtu kavaa koti refu anapunga kijiti. Taarabu haina mtu huyo. Kiongozi wetu hukaa katikati ya wapigaji akaongoza kwa nyusi na kwa kichwa, na anayemtaka ndiye anayemwangalia. Nilipoinua mikono mara ya kwanza kuwapa mwendo wa bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, mpiga dumbak aliacha kupiga.

"Maalim, unafukuza nzi?"

Nikaiteremsha. Baadaye nikaiinua tena, maana kukaa tu kulikuwa kubaya zaidi.

Ila kusimama kulinipa kitu ambacho miaka tisa ya kukaa nyuma ya kinanda haikunipa. Nilianza kuzunguka. Karabai liliwekwa chini katikati, vivuli vya wapigaji vimepanda ukutani, nami napita nyuma ya migongo yao nikisikiliza mmoja mmoja. Nikajua kwamba mpiga nai huvuta pumzi kila mahali pasipostahili. Nikajua kwamba kanuni, yenye nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, ilikuwa na kundi moja la nyuzi ambalo halikukaa sawa hata siku moja, na kinanda changu ndicho kilichokuwa kikilifunika. Hayo ya kurekebishika tuliyarekebisha.

Halafu usiku mmoja nilisimama nyuma ya fidla ya tatu.

Fidla ya tatu alikuwa Mzee wetu. Yeye ndiye aliyenishikisha fidla nikiwa na miaka kumi, akanitoa machozi, na alipoona sina mkono wa fidla akasema bila kunificha, "Wewe una kichwa, huna vidole. Tafuta chombo chenye vitufe." Enzi zake watu walikuwa wakitoka mitaa ya Ng'ambo kwa miguu kuja kusikiliza takasimu zake, pale mpigaji anapopiga peke yake kwa kubuni papo hapo. Bashraf ilikuwa imefika pale inapokimbia, fidla zote zinapanda na kushuka pamoja. Upinde wake ulikuwa ukipanda na kushuka na wenzake, sawa kabisa, hata nusu ya pigo hakukosea. Nikainama. Upinde haukuwa ukigusa nyuzi.

Nilidhani amechoka. Mazoezi yaliyofuata nikasimama tena pale pale, na yaliyofuata tena. Kwenye nyimbo za polepole alikuwa akipiga kidogo, sauti moja hapa, moja pale. Pakikaza, upinde ulikuwa ukipita hewani, unywele mmoja juu ya uzi. Spika zetu zilikuwa na maiki moja ya fidla, nayo ikiwekwa mbele ya fidla ya kwanza. Sikujua amekuwa akifanya hivi kwa muda gani. Mimi kiongozi wa kikundi, sikujua.

Sikumwambia mtu. Nitasema ukweli: niliwaza kumwacha nje. Kikundi cha watu 14 bila spika hakina pa kumficha mtu, na msichana wetu wa fidla ya pili alikuwa anaweza kubeba sauti ya wawili. Niliyapanga hata maneno. Kisha nikiyakumbuka mbele ya uso wake yananikauka.

Yeye ndiye aliyeanza. Tulikuwa tunarudi Kikwajuni usiku, kandili nimeishika mimi, yeye kaning'iniza mkoba wa fidla kwenye kiwiko. Mitaa imejaa watu wa maji, maana pampu nazo zilikuwa zimelala. Watoto wanapita na madumu ya njano, wengine hawajalifikia dumu kwa urefu.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia nini, Mzee?"

"Hukusikia kitu. Ndicho nnachokwambia."

Tukaenda hatua kadhaa.

"Vidole vya mkono wa kushoto," alisema. "Vimekufa ganzi. Nikiubonyeza uzi sijui kama nimeubonyeza. Basi bora nisiuguse kuliko kuwachafulia wenzangu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwa swali: ningekuwa mimi, ningesema? Kisha akaongeza jambo ambalo hadi leo naliona ni la ustadi kuliko la huzuni. Alisema kupiga upinde bila kugusa ni kugumu kuliko kupiga. Bega linauma. Unatakiwa uujue wimbo vizuri kuliko mtu anayeupiga.

Usiku ule sikulala vizuri, lakini si kwa huruma peke yake. Nilikuwa nafanya hesabu. Fidla yetu tunaitia nyuzi kwa njia ya Kiarabu: sol, re, sol, re. Nyuzi mbili kati ya nne ni re. Na takasimu ya kanuni, ile inayofuata bashraf, mpigaji wetu alikuwa akiipiga kwa Bayati, moja ya njia za sauti za muziki wa Kiarabu, ambayo makao yake ni re. Uzi mtupu hautaki kidole. Unataka upinde tu, na upinde wa Mzee haukuwa na ganzi yoyote.

Nilipomwambia alinyamaza muda mrefu.

"Unataka nishike sauti moja."

"Re. Kutoka mwanzo wa takasimu hadi mwisho. Chini ya kanuni, peke yako."

"Hiyo kazi ya mtoto wa wiki ya kwanza."

"Mtoto wa wiki ya kwanza hawezi kuishika dakika tano ikabaki imesimama."

Hakukubali. Wala hakukataa. Mazoezi yaliyofuata kanuni ilipoanza alishusha fidla, akasubiri, kisha ile re ikaingia kutoka mahali pasipojulikana, nyembamba, imelala chini ya kanuni kama maji chini ya ngalawa. Mpiga kanuni aliinua kichwa. Akapiga taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia.

Siku yenyewe ilipofika, mwezi ukatoka kama tulivyoupanga, kaskazi ikivuma kidogo, watu wakaja wengi kuliko mikeka. Kina mama ghorofani, wanaume chini, watoto ngazini. Ndipo tukakumbuka jirani. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na nyumba ya wageni, na jenereta lake lilikuwa linanguruma tangu magharibi. Bila spika zetu lilikuwa ndilo sauti kubwa kuliko zote mle ndani.

Nilikwenda mwenyewe. Mwenye nyumba alikuwa mtu muungwana, kanikaribisha kahawa.

"Ndugu yangu, nina friji la samaki," alisema. "Na wageni wanalipa kwa feni." Akatazama saa. "Nusu saa. Kwa ajili ya marehemu baba yangu, alikuwa mpenzi wa taarabu. Nusu saa, siongezi."

Tulikuwa na nyimbo nane. Nilirudi mbio, nikawanong'oneza wenzangu: bashraf, takasimu, na ule wimbo wa polepole wa mwimbaji wetu mkubwa, mengine yote yatapigwa na jenereta kama nyongeza. Nikainua mikono. Ukuta wa pili ukakohoa, ukazima.

Watu waliozoea spika hawajui wakae vipi kwenye kimya. Mwanzo walinong'ona, mtoto akalia, mtu akaangusha kikombe. Bashraf ilipofika katikati walikuwa wameinama mbele, wote, kama watu wanaosikiliza mlango. Siti mwenyewe aliimba hivi miaka na miaka, bila cha kumkuza sauti, mpaka 1928 alipovuka kwenda Bombay kurekodi santuri. Na ukumbi wake bila shaka ulikuwa ukiinama hivi hivi. Kisha takasimu. Re ya Mzee ikaingia. Mikono yangu niliiteremsha, sikuwa na la kuongoza. Katikati upinde wake ulitetemeka mara moja, sauti ikakwaruza, ikasimama tena.

Kwenye wimbo wa mwisho wa ile nusu saa, beti la tatu, kina mama wakaanza kushuka kutuza. Noti zikaenda kwa mwimbaji, kama ilivyo ada. Bibi mmoja mtu mzima, buibui la zamani, alimpita mwimbaji, akapita fidla ya kwanza na ya pili, akamtia Mzee noti kwenye mfuko wa koti, akarudi kwake bila kucheza hata hatua moja. Sikumjua. Mzee alibaki anatazama upinde wake.

Beti la nne, jenereta likawaka. Ukumbi wote ukaguna. Mpiga kanuni aliinamisha sikio ukutani, akasema kwa sauti ya watu kusikia:

"Limeingia chini ya re. Mzee, lifundishe."

Tukacheka mpaka wimbo ukatupotea, tukauanza upya kwa sauti kubwa, vibaya, na watu wakaimba nasi hadi saa sita.

Njiani hatukuwasha kandili. Mwezi ulikuwa umepaka vibaraza vyote chokaa mpya. Tulipofika mlangoni kwake Mzee alisimama, akanielekezea mfuko wa koti kwa kidevu.

"Hebu nitazamie. Kiasi gani?"

Nikatia vidole, nikaitoa noti, nikaigeuza kwenye mwanga.

"Elfu mbili."

"Enzi zile alikuwa akitoa shilingi tano," alisema. "Irudishe humo humo."