Jina la Mwanangu Lilikuwa Shamba

Siku moja mwanangu alirudi shuleni amenuna. Nikamwacha ale kwanza. Alipomaliza akaniambia kwamba mwenzake darasani amemwambia Isbister si jina la mtu wa rangi yake, lazima kapewa tu. Alikuwa na miaka 10. Jina ni la baba yake, na baba yake ni mzaliwa wa Orkney, visiwa vilivyo kaskazini mwa Uskoti. Mimi ni wa Pangani. Tunaishi Aberdeen, hukohuko Uskoti.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Yule mwenzake ni mtoto tu, sikumwekea kinyongo. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na la kumjibu mwanangu. Ingekuwa ni upande wangu ningemjibu papo hapo, maana marehemu baba alitukalisha barazani tangu wadogo akatufundisha kuhesabu fulani bin fulani mpaka majina saba, na ukikosea unaanza upya. Lakini hilo Isbister, ambalo nimeliandika kwenye fomu za kliniki na za shule miaka yote hii, sikujua hata maana yake. Mume wangu alimjua babu yake basi, kwamba alikuwa mkulima huko Birsay, parokia moja ya Orkney. Akaniambia, "Muulize mama," kisha akaondoka kwenda kazini baharini, wiki tatu.

Nilianza kwa kupotea. Nilikuwa na safari ya Edinburgh, nikaingia duka moja la vitambaa vya mirabamiraba, vile ambavyo kila ukoo wa Kiskoti una rangi zake. Muuzaji akabofya kompyuta, akasema Isbister ni tawi la ukoo mmoja mkubwa, akanitolea skafu. Nikainunua kwa furaha nimpelekee mama mkwe. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja vizuri, ndipo akanikalisha chini. "Mwanangu, sisi watu wa Orkney hatuna hizi koo. Hizo ni za Waskoti wa milimani. Sisi tulikuwa wa Norwei."

Na kweli. Visiwa vile vilikuwa chini ya taji la Norwei mpaka mwaka 1468, pale mfalme Christian wa Kwanza, aliyetawala Denmaki na Norwei pamoja, alipomwoza binti yake Margaret kwa mfalme James wa Tatu wa Uskoti. Huko enzi zile baba wa bibi harusi ndiye aliyetoa fedha, kinyume na kwetu, na Christian hakuwa nazo. Akaiweka Orkney rehani. Mwaka uliofuata akaiweka na Shetland, visiwa jirani. Rehani ile haikukombolewa. Lakini utawala ule wa Norwei ndio sababu ukitazama ramani ya Orkney leo majina mengi si ya Kiskoti wala ya Kiingereza.

Mama mkwe akaniambia jambo lililonifungua macho. Zamani visiwani kwao mtu hakuwa na jina la ukoo. Mtoto wa Magnus akiwa mwanamume aliitwa mwana wa Magnus, akiwa mwanamke binti wa Magnus. Bin na binti kabisa, kama sisi! Shetland desturi hiyo iliendelea mpaka karne ya 19. Ilipohitajika kumtofautisha mtu na mwenzake, wakamwongezea jina la shamba analokaa. Polepole jina la shamba likagandamana na watu wake: Linklater, Rendall, Marwick, Isbister, yote ni majina ya mahali. Katika lugha yao ya kale, bólstaðr ni makazi au shamba, na eystri ni la mashariki. Ukiyaunganisha, midomo ya watu ikayasaga kwa karne kadhaa, unapata Isbister. Shamba la mashariki. George F. Black, aliyekuwa mkutubi wa Maktaba ya Umma ya New York na kuchapisha kamusi kubwa ya majina ya Kiskoti mwaka 1946, naye amelihesabu miongoni mwa majina yatokanayo na mahali.

Tatizo ni kwamba shamba la mashariki si moja. Kuna Isbister Birsay, kuna nyingine Rendall, kuna nyingine South Ronaldsay ambako kuna kaburi la mawe la miaka elfu tano hivi, lililogunduliwa na mkulima mwaka 1958, na mifupa ya binadamu mle ilikutwa pamoja na ya tai. Ukienda Shetland unaikuta Isbister kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa kikubwa, na nyingine kisiwa cha Whalsay. Na wengi wa huko huandika Isbester. Kwa hiyo Isbister wawili wakikutana, huenda hawana tone la damu moja. Babu zao walikaa tu, kila mmoja kwake, upande wa jua linakochomoza. Nje ya visiwa hivyo jina ni adimu. Aberdeen ninamoishi, zaidi ya familia yetu, sijawahi kulisikia likiitwa hospitalini wala mahali popote.

Basi nikakaa na kompyuta, usiku baada ya zamu yangu ya kutunza wazee. Idara ya kumbukumbu ya taifa ya Uskoti ina tovuti inaitwa ScotlandsPeople; unatafuta jina, na ukitaka kuiona picha ya ukurasa wenyewe wa daftari unalipia, mimi nilikuwa nalipa kama pauni moja na nusu. Uandikishaji wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Januari 1855, na ukibahatika kupata ndugu aliyezaliwa au kufa mwaka ule wa kwanza umepata hazina, kwa sababu waliandika mambo mengi mno mpaka makarani wakalemewa, na mwaka 1856 yakapunguzwa. Kabla ya hapo ni madaftari ya ubatizo ya kanisa. Na sensa zipo, kila baada ya miaka kumi tangu 1841. Nilijifunza pia kutoiamini tahajia. Karani aliandika alivyosikia, hivyo nikawa naweka alama ya nyota katikati ya jina ili kompyuta iniletee Isbister, Isbester na Isbuster kwa pamoja.

Cha kunifurahisha zaidi kilikuwa hiki: cheti cha kifo cha Mskoti kinataja baba na mama wa marehemu, na mama anatajwa kwa jina alilozaliwa nalo. Hata makaburini, mara nyingi mke aliandikwa kwa jina la kwao. Mimi sikubadili jina nilipoolewa, na baadhi ya watu huku hunishangaa. Kumbe mabibi zao wenyewe walizikwa kwa majina ya baba zao.

Nilirudi nyuma vizuri mpaka kwa William, mkulima wa Birsay, aliyezaliwa miaka ya 1820. Hapo ndipo nilipopotea mara ya pili, na safari hii kwa wiki sita. Waskoti walikuwa na desturi kama yetu ya somo: mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Babu akiwa William na ana wana wanne, umepata wajukuu wanne akina William, parokia moja, umri karibu sawa. Nilimshika mmoja, mkewe Margaret, kila kitu kikalingana. Nikamfuata nyuma kizazi baada ya kizazi, nikafika kwa ndugu wa babu yake aliyekwenda Kanada.

Kule Kanada ndiko mlango mwingine ulikofunguka. Kampuni ya Hudson's Bay, iliyopewa hati yake mwaka 1670 kununua ngozi za wanyama Amerika ya Kaskazini, meli zake zilikuwa zikipita Stromness, bandari ya Orkney, kuchota maji na kuandikisha vijana. Kibarua alianzia pauni 6 kwa mwaka. Shamba la baba lilikuwa dogo na ndugu wengi, pauni 6 zilikuwa fedha. Mwaka 1799, kati ya watumishi 530 wa kampuni waliokuwa ng'ambo, 416 walikuwa watu wa Orkney. Kumbukumbu zao ziko Winnipeg, na watumishi wengi wametengenezewa karatasi yake: parokia aliyotoka, mwaka alioajiriwa, vituo alivyokaa. Nilizisoma usiku mpaka saa tisa. Vijana wa Birsay wakafika kwenye baridi ya Hudson, wakaoa wanawake wa Kikrii, wenyeji wa asili wa huko, wakazaa. Ndiyo maana leo Manitoba na Saskatchewan kuna akina Isbister wengi ambao ni Wakrii na Wametisi, yaani watu wa damu mchanganyiko. James Isbister alikuwa mmoja wa watu waliosafiri na Gabriel Dumont, kiongozi wa Wametisi, mwaka 1884 kwenda Montana kumwita Louis Riel, kiongozi wao mwingine, aje awatetee.

Na katika karatasi hizo nikakutana na Alexander Kennedy Isbister. Alizaliwa mwaka 1822 Cumberland House, kituo cha kampuni katikati ya nyika. Baba yake mtu wa Orkney, mama yake binti wa mtu wa Orkney na mwanamke wa Kikrii. Akiwa mdogo alipelekwa Orkney kusoma. Akarudi, akaifanyia kazi kampuni ileile, akaona watu wa damu mchanganyiko hawapandishwi vyeo, akaacha. Akaja kusoma vyuo vikuu vya Aberdeen na Edinburgh, akawa mwalimu mkuu London, na huko London akawa ndiye anayepeleka serikalini malalamiko ya watu wa kwao dhidi ya kampuni. Alipofariki mwaka 1883 alikiachia Chuo Kikuu cha Manitoba vitabu vyake na fedha za kusomesha wanafunzi, bila kuangalia jinsia, rangi wala dini.

Nilimwamsha mwanangu. Ilikuwa Jumamosi alfajiri, nikaona nisisubiri. Nikamweka mbele ya picha ya Alexander kwenye kompyuta. Akaitazama kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Naye walimwambia si jina lake?" Nikamwambia sijui kama walimwambia hivyo, ila huyu ndiye Isbister mashuhuri kuliko wote, na bibi yake hakuwa Mzungu. Akaniomba nimchapie hiyo picha.

Asubuhi ileile nikampigia mama mkwe kumweleza habari ya William na Kanada. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "William wa shamba gani?" Nikarudi kwenye sensa ya 1861. Niliyemshika alikuwa wa Rendall aliyehamia Birsay alipooa. Wetu alikuwa Marwick, ng'ambo nyingine ya parokia, na mkewe pia Margaret. Wiki sita zilikuwa za watu wengine. Tangu hapo kila jina nililoandika niliandika na shamba lake pembeni, na mambo yakanyooka. Watu wa Birsay wenyewe walikuwa wakifanya hivyohivyo: jina lililotoka shambani liliwazidi wingi, wakarudi tena shambani kutofautishana.

Wakati wa likizo tulikwenda. Gari mpaka Scrabster, bandari ya kaskazini mwa Uskoti, kisha feri saa moja na nusu mpaka Stromness. Nilipokuwa nasubiri foleni nikakisoma kibao cha bandari nikashtuka: Scrabster, lile neno bólstaðr limo humohumo, limepondwapondwa. Nimepita pale mara tano bila kuliona. Stromness tulikiona kisima cha Login, ambako meli za kampuni zilichota maji. Kimefungwa tangu 1931. Mwanangu aliweka sikio kwenye jiwe.

Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, katika maktaba ambayo asili yake ni mwaka 1683, mhifadhi wa nyaraka alituwekea mkanda wa picha za daftari la ubatizo kwenye mashine. Mwandiko wa wino uliofifia, herufi zimeegemeana kama watu wenye usingizi. Tulimkuta babu mzaa babu wa William wetu katika mstari mmoja: jina lake, jina la baba, Marwick. Kurasa za kabla ya hapo zimeliwa na unyevu. Tukaishia hapo.

Kutoka Marwick mpaka Isbister ya Birsay ni mwendo wa mguu. Kuna ziwa, kuna matete, bata wengi, nyumba chache za mawe, na upepo usiokuacha umalize sentensi. Hakuna mti. Mama mkwe alisimama na fimbo yake akatuonyesha mipaka ya mashamba. Mwanangu akauliza shamba liko mashariki mwa nini. Hakuna aliyeweza kumjibu, maana aliyelipa jina alisimama mahali fulani upande wa magharibi akaliangalia, na hapo aliposimama hapajulikani. Akakimbia magharibi mpaka kwenye uzio, akageuka, akapiga kelele, "Pengine hapa!"

Tuliporudi akachora mti wake kwenye karatasi kubwa. Upande wa baba majina yamejaa, wanaume na wanawake, kila bibi na jina la kwao. Upande wangu nikamtajia bin saba bila kufungua kitabu, akaandika. Halafu akainua kalamu akauliza, "Wake zao?" Nilimjua bibi yangu, na mama yake bibi yangu. Basi.

Nikamtumia shangazi ujumbe wa sauti Pangani. Alikaa siku mbili, kisha akanijibu, nyuma yake kuku wanalia. Amekwenda Mkwaja kwa bibi mmoja mzee sana wa ukoo wetu, na amepata majina mawili. La tatu, yule bibi amesema analo, ila leo limemponyoka. Aende tena Ijumaa.