Darubini ya jua: kioo kimeacha kurukaruka

Leo saa mbili na robo asubuhi, kabla mabati ya jirani hayajapata moto, doa la jua lilitulia kwenye skrini dakika sita nzima. Utulivu huo nimeutafuta miezi miwili!

Ugonjwa ulikuwa huu: kioo cha piezo (kioo kidogo kinachoinamishwa haraka kwa umeme ili kufuta mtikisiko wa picha unaoletwa na hewa) kinalifuata doa vizuri, ghafla kinaruka pembeni, kisha kinarudi. Nilipunguza nguvu ya marekebisho hadi 0.2, yaani kwa kila picha kioo kisahihishe sehemu ya tano tu ya kosa. Kuruka kukapungua, lakini hewa nayo ikaichezea picha itakavyo. Nikashuku waya, nikashuku ampilifaya, kishikio cha kioo nikakifungua mara tatu.

Kumbe nilikuwa natazama wastani. Tangu kamera inase picha hadi kioo kisogee, wastani ulikuwa milisekunde 4. Kwa picha 400 kwa sekunde nikaridhika. Juzi nikaandika muda wa kila picha, moja moja, nikachora grafu. Kando ya kilima kikubwa kulikuwa na kijilima kwenye milisekunde 13. Hapo picha tano zimeshapita, na kioo kinasahihisha kosa ambalo halipo tena.

Chanzo ni dirisha la kuonyeshea picha. Lilikuwa linagombania kiini kimoja cha prosesa na programu ya kioo. Dirisha lile lile nililochungulia kosa ndilo lililolileta! Nimelihamishia kiini kingine, programu ya kioo nikaitengea chake peke yake na kuipa kipaumbele cha juu. Kijilima kimetoweka, nguvu imepanda hadi 0.45.

Lugha ya Python naipenda kwa grafu, ila kwenye mzunguko wenyewe wa kupima na kusogeza kioo ni lugha ya C tu. Na tangu Linux 6.12 ya 2024, PREEMPT_RT (sehemu inayozuia programu zenye haraka zisicheleweshwe) imo ndani ya kerneli yenyewe, yaani moyo wa mfumo. Zile siku za kubandika viraka sizikumbuki kwa hamu.

DKIST, darubini kubwa ya jua kule Haleakala, Hawaii, yenye kioo cha mita 4, inasukuma kioo kingine nyumbufu kwa visukumio 1,600. Kioo changu kinainama kwa njia mbili tu, juu-chini na kushoto-kulia, lakini hiyo peke yake ni takriban asilimia 87 ya vurugu ya hewa kwenye mwanga. Kwa lenzi ya milimita 100 hilo si haba.

Wiki hii ilikuwa ya kalibresheni. Nimeiweka kando, maana madoa hayapo kila siku na nataka kioo kifuate chembechembe za uso wa jua (mapovu ya gesi moto yanayopanda juu). Chembe moja ina upana wa kilomita 1,000 hivi na huyeyuka baada ya dakika chache, kwa hiyo picha ya kulinganishia lazima ibadilishwe mara kwa mara, na kila badiliko huacha kosa dogo linalojilimbikiza. Kesho naanza kwa kuibadilisha kila sekunde 20.