Pauni 75 za Kuangalia Paa

Jamani, juzi fundi kaja kwangu, kasimama bustanini, kainua macho juu ya paa, akasema: "Antena imevunjwa na upepo." Hilo nilikuwa nalijua. Usiku kucha ilikuwa inagonga vigae, hata kipofu angeitambua. Alikaa dakika kumi na mbili, akaacha ankara ya pauni 75. Ya kuja tu! Kufunga mpya, 210 juu yake. Sabini na tano ni karibu robo milioni ya shilingi zetu za Tanzania, na mtu hata ngazi hakuishusha garini.

Nimelipa, maana hapa Leicester, Uingereza, ukibishana na ankara inakuja barua, na barua nayo ina ada yake. Lakini hiyo 210 nikasema hapana.

Mimi nimekulia Kihonda, Morogoro, antena yetu ikiwa mfuniko wa sufuria juu ya mwanzi. Kazi yangu ilikuwa kuuzungusha, baba yuko ndani anapiga kelele: "Hapo! Hapo hapo! Aa, umepitisha!" Betri za redio zikichoka tulizianika juani pembeni ya dagaa, zinapata nguvu hadi taarifa ya habari iishe. Leo niitiwe mtu wa kutazama paa?

Nikachukua henga ya waya ya dobi, nikakata vipande viwili vya sentimita 13, nikavikwangua rangi. Kimoja nikakifunga kwenye waya wa kati wa kebo, kingine kwenye ule wavu wa nje, vyote nikavibana juu ya kibao cha kukatia nyanya. Kipimo si ramli: mawimbi ya TV hapa ni kati ya megahezi 470 na 694, na vipande viwili kwa pamoja vinatakiwa vikaribie nusu ya urefu wa wimbi. Nikakilaza dirishani, upana wake ukatazama upande wa Waltham, mnara unaorusha matangazo ya TV huku kwetu. Chaneli zikaingia mpaka nikachoka kuhesabu. (Leseni ya TV nalipa, msije mkaniripoti.)

Ninyi mnaoniuliza mje na nini huku: sembe ipo madukani, acheni kujaza mabegi. Njooni na mikono. Ila gesi msiiguse kabisa, sheria inataka fundi aliyesajiliwa, na hapo sina utani. Na nyumba ya kupanga, omba ruhusa kwa maandishi. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga bomba la sinki lililokuwa linavuja kwa tyubu ya baiskeli, ile ya kukaza kwa meno. Halikudondosha hata tone mpaka nahama. Mwenye nyumba akakata pauni 120 kwenye amana yangu, eti matengenezo yasiyo na idhini. Miaka sita sasa bado inaniuma. Bomba lilikuwa halivuji!

Jana jioni mlango ukagongwa. Bibi wa nyumba ya jirani, ambaye tangu nihamie hatujawahi kuvuka salamu za mvua na baridi. Upepo uleule ulimvunjia antena yake, na kibao changu amekiona dirishani. Mkononi ameshika henga.

Nikamtengenezea. Nikasimama dirishani kwake nakizungusha, yeye kwenye kiti, rimoti mkononi, ananielekeza: kidogo, kidogo tena, hapo hapo! Halafu picha ikakatika, bibi akaguna. Nilikuwa nimepitisha.